Manyatta na Nyalenda si ardhi ya kuvamiwa

Wengi hudhani Manyatta na Nyalenda, mitaa ya mabati pembezoni mwa Kisumu, ilianza kwa watu kuvamia ardhi ya serikali. Si kweli, na dhana hiyo inawadhulumu wenyeji.

Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakoloni waliuchora mji wenye mipaka finyu: Wazungu mlimani, Wahindi madukani, Waafrika wakihitajika kwa kazi kuliko kwa makazi. Nje ya mpaka kulikuwa na maboma ya Wajaluo, yenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Vibarua waliokosa pa kuishi mjini wakapanga vyumba huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ulipanuliwa, na familia hizo zikajikuta ndani ya mji bila kuhama hata hatua moja.

Ndiyo maana mwenye nyumba Nyalenda mara nyingi ana hatimiliki ya shamba la babu yake. Msongamano upo, maji taka ni kero kubwa, hilo sipingi. Ila barabara ikihitaji kupanuliwa, serikali haina budi kuketi na familia hizo na kuzilipa fidia, kama inavyofanya kwa mmiliki yeyote wa Milimani, mtaa wa matajiri mjini Kisumu.