Wito Usiokufikia na Hukumu ya Upande Mmoja

Wananchi wengi wanaofika katika dawati letu la msaada wa kisheria huzijua kesi zao siku ambayo dalali wa mahakama anabandika tangazo la mnada ukutani, ilhali kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba waliitwa wasiitikie, na hukumu ikatolewa upande mmoja, yaani bila wao kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inalinda haki ya kusikilizwa, na Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu mdaiwa kuiomba mahakama ileile iliyotoa hukumu iitengue kwa sababu ya msingi.

Kosa linalotusikitisha zaidi ni la mwombaji kuandika katika kiapo chake "sikupata wito" na kuishia hapo. Kanusho hilo linakutana na kiapo cha msambaza nyaraka aliyeapa kwamba aliufikisha, na kiapo hakiangushwi kwa kanusho tupu. Nenda masjala, omba kukagua jalada, ukisome kiapo hicho neno kwa neno. Amri ya V inataka wito akabidhiwe mdaiwa mwenyewe au wakala wake. Asipopatikana, mtu mzima wa familia anayeishi naye, na jirani hahesabiki humo. Na ukibandikwa mlangoni, taarifa ieleze mazingira ya kuubandika pamoja na jina na anwani ya aliyeionyesha nyumba.

Tuseme kiapo kinadai kwamba mdaiwa alikutwa nyumbani saa nne asubuhi akakataa kusaini, lakini hakimtaji aliyemtambulisha, na siku hiyo mdaiwa alikuwa amelazwa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, yenye tarehe ya kulazwa na ya kutoka, ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Kama ubishi ni wa saini, omba msambaza nyaraka aitwe na kuhojiwa juu ya kiapo chake.

Muda ndio unaowaangusha wengi. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa siku 30 za kuomba hukumu hiyo itenguliwe. Zikiwa zimepita, anza na maombi ya kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14, ukieleza ulijua lini, kwa njia gani, na kila siku ya ucheleweshaji ilipitaje. Omba pia ukazaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake, usimamishwe, kwa kuwa kufungua maombi pekee hakuuzuii mnada.

Hukumu ikitenguliwa, deni halijafutika: shauri linarudi mahali lilipokuwa na mdaiwa anapata nafasi ya kujitetea, hivyo tayarisha utetezi wako mapema. Maombi yakikataliwa, amri hiyo ya kukataa inaweza kukatiwa rufaa.