Utabaka na mandhari: maana yake, na namna ya kuvifundisha kwa katoni na rula

Utabaka ni hali ya watu kugawika kwa madaraja, kwa sababu ya mali, nasaba, kazi au heshima. Mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea. Miongozo mingi ya fasihi huweka neno la kwanza chini ya maudhui na la pili ukurasa mwingine kabisa, ndipo mwanafunzi anapoandika "mandhari ni nyumbani kwa tajiri" na kuishia hapo. Katika riwaya nzuri viwili hivi hukaa pamoja. Mwandishi hasemi kwamba fulani ni wa tabaka la juu. Anakuonyesha anapokewa mlango gani, anasafiri kwa mnyama au gari gani, na nani anamcheka akifika na tope.

Mwanafunzi wa Lamu hili analijua kabla hajafungua kitabu. Nyumba ya kale ya mawe imepangwa kwa hatua: daka (ukumbi wa mlangoni), tekani (kipenu cha kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyoelekea uani), kisha ndani (chumba cha faragha). Mgeni asiye wa karibu hukomea dakani. Shairi la kale la Al-Inkishafi nalo linatuonyesha zidaka (vishubaka vya ukutani) za majumba ya mji wa Pate, zilizokuwa za kupangia vyombo vya kaure, zikiwa zimelaliwa na makinda ya ndege, na msomaji anaelewa ukwasi umekwenda wapi. Basi somo lianze kwa kuchora ramani ya nyumba ya namna hiyo, dakika 20, kila chumba kikiandikwa nani huingia na nani haingii. Ichorwe nyumba tu, ukoo usiguswe. Mwalimu akiuliza "kwenu ni Mkomani ama Langoni?", yaani mitaa miwili ya Lamu, ameliharibu somo, kwani tofauti ya kale ya nyumba za mawe na za udongo na makuti bado inawagusa watu walio hai, na mtoto atanyamaza hadi kengele ilie.

Sasa kitabu. Tuchukue Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813, kwa kuwa ndani yake tabaka lina tarakimu. Mzee Bennet ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka. Bingley, kijana aliyehamia jirani, ana 4,000 au 5,000, na rafiki yake Darcy 10,000. Elizabeth, binti wa Bennet, anaambiwa usoni na Collins, binamu wa baba yake anayemposa, kwamba fungu lake halitazidi pauni 1,000 zenye faida ya asilimia 4, nazo hazipati mpaka mama yake afe. Yaani pauni 40 kwa mwaka. Collins huyohuyo anajisifia kwamba kwenye jumba la Rosings, la bibi tajiri anayemfadhili, pambo la meko ya kuotea moto peke yake liligharimu pauni 800. Wanafunzi wagawe wenyewe: meko moja ni sawa na miaka 20 ya maisha ya Elizabeth. Hesabu hiyo fupi hufanya kazi kuliko hotuba ya kipindi kizima.

Lakini fedha si mizani pekee, na hapa wengi huteleza. Bingley ana mapato mara mbili ya Bennet au zaidi, ila mali yake ilichumwa na wazee wake katika biashara, na jumba la Netherfield amelipanga. Bennet ana ardhi, lakini kwa masharti ya urithi itamwendea Collins kwa kuwa yeye hana mwana wa kiume. Dada zake Bingley wanamcheka mjomba wa akina Bennet anayekaa mtaa wa wafanyabiashara London, na ilhali mali yao wenyewe imetoka kwenye biashara. (Kicheko hicho hakihitaji tafsiri popote penye soko.)

Kazi ya kwanza ya mikono ni ramani ya umbali. Kikundi cha watu 5, karatasi moja ya manila, kipimo cha sentimita 10 kwa maili 1. Kutoka Longbourn, kwao Bennet, hadi mji wa Meryton ni maili 1, hadi Netherfield ni maili 3, kwa hiyo sentimita 30. Pemberley, kwao Darcy, iko Derbyshire, zaidi ya maili 100: kwa kipimo hicho ni zaidi ya mita 10, nje ya mlango wa darasa. Mwache mmoja atoke na uzi mpaka uani.

Juu ya ramani hiyo waweke namna ya kusafiri. Jane, dada yake Elizabeth, anakwenda Netherfield kwa farasi kwa sababu farasi wa gari wanahitajika shambani, ananyeshewa, anaugua. Elizabeth anamfuata kwa miguu, na dada zake Bingley wanalisema gauni lake la ndani lenye tope la inchi 6. Kwa mwanafunzi wa Lamu mahali hapa ni pagumu. Katika mji wa kale vichochoro havipitishi gari, mwenye nacho na asiye nacho wote hutembea au hupanda punda, na kwenda kijiji cha Shela kwa miguu, kama kilomita 3, hakumvunjii mtu hadhi. Kwa hiyo atasoma habari ya tope kama kichekesho tu. Mwalimu asimame hapa na aeleze kwamba nyumba isiyo na farasi wa kutosha kwa gari na kwa shamba kwa pamoja imejianika.

Kazi ya pili ni nyumba ya katoni iliyokatwa upande mmoja ili vyumba vionekane, kipimo sentimita 2 kwa mita 1. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha kama katoni zimekatwa mapema. Gundi ya unga wa ngano huvutia sisimizi na hukauka polepole kwenye hewa ya pwani. Ipakwe nyembamba, iachwe ikauke usiku kucha. Kosa kubwa la kazi hii ni urembo. Kikundi kitaleta mapazia na vioo, kisha kitaezeka Longbourn kwa makuti kwa kuwa yako karibu. Ama wabaki Uingereza, ama waihamishe hadithi yote Lamu pamoja na mapato, urithi na usafiri. Nusu kwa nusu haikubaliki. Kila kitu kilichowekwa kibandikwe kipande cha karatasi chenye namba ya sura kilikotoka, na kisicho na sura kiondolewe.

Ya tatu ni fupi: maneno 150 ya mtumishi wa Longbourn siku Jane anaondoka, asitoke nje ya vyumba anavyoruhusiwa. Wengi humfanya mwanaharakati wa leo. Mrudishe jikoni: aliona nini dirishani, alisikia nini mlangoni?

Kwa alama 20, toa 10 kwa ushahidi wa kitabu, 5 kwa maelezo ya tabaka, 3 kwa kujibu maswali kwa mdomo, 2 kwa unadhifu. Swali la mdomo liwe moja kwa kila mtu, nalo lielekezwe kwenye kitu alichokijenga mwenzake: "Farasi hawa mbona hawamo zizini?" Akijibu "wako shamba", muulize nani aliwahitaji huko.