Dona nayo hupandisha sukari

Wenye kisukari wengi wakishaacha sembe hujipakulia ugali wa dona bila kipimo, wakiamini haupandishi sukari. Unapandisha. Dona haikukobolewa, hivyo ina nyuzinyuzi zaidi, lakini sehemu kubwa yake bado ni wanga. Inaniuma kuona mtu akijinyima kwa bidii mahali pasipostahili.

Punguza bonge, ongeza maharage: gramu 100 yaliyopikwa zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi na 9 za protini, na wanga wake humeng'enywa polepole. Kunde, choroko na mbaazi nazo zinafaa. Mboga za majani, mchicha au matembele, zijaze nusu ya sahani. Dawa za kisukari zisiachwe, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.