Maji hayaozeshi mtutu, chumvi ndiyo inayouozesha

Ukipata bunduki ya zamani kama Mosin-Nagant ya Urusi au Lee-Enfield ya Uingereza iliyotoka ghala la jeshi, washauri hawakosi, na baadhi yao wataiharibu bunduki kabla kutu haijaanza. Ila kwanza kabisa: fungua bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), kagua chemba (tundu linamokaa risasi) kwa macho, kisha ingiza kidole kuhakikisha hamna risasi.

Dhana: Maji yasiguse mtutu kamwe.

Ukweli: Imani hii imeua mitutu mingi. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki (kiwashio cha baruti) ya klorati ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi ya ukoo mmoja na ile ya mezani, nayo hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Ukiyapaka juu yake umeifunika tu, na huko chini inaendelea kula chuma. Wiki chache baadaye unachungulia mtutuni unakuta vishimo. Dawa yake ni maji. Askari wa Uingereza walimimina maji ya moto kwa faneli kupitia chemba. Fanya hivyo siku ileile uliyopiga risasi. Chuma kikipata moto hukauka upesi. Pitisha tambara kavu mpaka litoke halina unyevu, ndipo upake mafuta. Uso wa bolti usisahaulike, maana nao hupata masizi yaleyale.

Dhana: Dawa ya kusafishia vioo, yenye amonia, huua chumvi hiyo.

Ukweli: Kinachofanya kazi ni maji yaliyomo ndani yake. Amonia ina kazi yake nyingine, kuyeyusha shaba iliyoganda mtutuni.

Dhana: Grisi nzito ya hudhurungi ni uchafu wa kukwanguliwa kwa kisu.

Ukweli: Grisi hiyo ndiyo iliyokilinda chuma miaka yote ghalani. Hulainika kwa joto, na kwenye chuma huyeyuka kwa mafuta ya taa. Fungua bolti vipande vipande uisafishe hadi ndani. Kwenye SKS hasa, bunduki ya Kisovieti inayojipakia risasi yenyewe, grisi iliyoganda huweza kuishika pini ya kupigia ikabaki imechomoza mbele, na bunduki ikafyatuka yenyewe bolti inapofunga. Si mzaha.

Dhana: Kitako kikipigwa msasa kinarudi kuwa kipya.

Ukweli: Kinabaki mbao tupu. Mihuri ya kiwanda na ya wakaguzi haina kina kirefu, na ikishafutika hairudi. Kwa mkusanyaji, nusu ya hadithi imeondoka nayo. Mbao ikibonyea, weka tambara bichi juu yake, gusisha pasi ya moto, mvuke uvimbishe nyuzi. Kisha paka mafuta ya kitani, matone machache, uyasugue kwa kiganja. Tambara ulilotumia lianike likiwa limetandazwa: likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe hadi kuwaka.

Dhana: Mfuko wa ngozi ndio makazi bora.

Ukweli: Ngozi hushika unyevu. Kwa safari ya siku moja inafaa. Kwa kuhifadhi, isimamishe bunduki kabatini penye hewa kavu, ikiwa imefungiwa, na uipanguse kila baada ya miezi michache.