Maana ya kuweka misimbo ya utambuzi kwa mgonjwa mwenye maradhi mengi

Kuweka msimbo wa utambuzi ni kuyageuza maneno ya daktari yaliyomo katika faili la mgonjwa kuwa alama fupi za herufi na tarakimu, ili ugonjwa ule ule uhesabiwe kwa namna moja popote unapoandikwa. Misimbo inayotumika zaidi hutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao wenye kazi huuita ICD. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Toleo la kumi, ambalo ndilo ninalolitumia hapa, liliidhinishwa mwaka 1990, na la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Mgonjwa mwenye ugonjwa mmoja hamsumbui anayeweka misimbo: hutafuta neno katika faharasa, hulihakikisha katika orodha kuu, kisha huandika. Ugumu huja maradhi yanapokuwa mengi, na hata hapo haumo katika wingi wake bali katika namna yanavyohusiana.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 62 aliyelazwa kwa homa, kikohozi na kukosa pumzi. Muhtasari wa siku aliyoruhusiwa unasema: “Nimonia. Kisukari aina ya pili. Ugonjwa sugu wa figo, hatua ya nne. Shinikizo la juu la damu. Moyo kushindwa kufanya kazi.” Mwenye haraka ataandika misimbo mitano na kulifunga faili: J18.9, E11.9, N18.4, I10 na I50.9. Kila mmoja una mstari wake wa kuutetea, lakini ikisomwa pamoja huenda inamweleza mgonjwa mwingine kabisa, kwa kuwa E11.9 maana yake ni kisukari kisicho na madhara yoyote, na I10 ni shinikizo la damu ambalo halijaugusa moyo wala figo.

Jambo la kwanza la kuamua ni hali kuu, yaani ile iliyotambuliwa mwishoni mwa matibabu kuwa ndiyo hasa iliyomfanya mgonjwa ahitaji kutibiwa au kuchunguzwa safari hiyo. Hapa ni nimonia, ingawa kisukari ndicho alichoishi nacho kwa miaka mingi na pengine ndicho kitakachomsumbua zaidi baadaye. Homa na kikohozi haviandikiwi misimbo yake, kwa sababu ni dalili ambazo nimonia imekwisha kuzieleza. Misimbo ya dalili, inayoanza na herufi R, huwekwa pale ambapo ugonjwa wenyewe haukupatikana.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo limefichwa katika maneno mawili madogo: “kutokana na”. Daktari ameorodhesha figo, kisukari na shinikizo la damu bila kusema kipi kimezaa kipi. Ikiwa figo zimeharibiwa na kisukari, kanuni hudai jozi: E11.2 yenye alama ya msalaba, inayotaja chanzo, na N08.3 yenye alama ya nyota, inayotaja pale chanzo kilipojitokeza. Wa nyota hausimami peke yake kamwe. Ikiwa zimeharibiwa na shinikizo la damu, msimbo unahamia I12, na moyo ukiingia katika mkondo huo huo, I13. Marekani, ambayo ina toleo lake lililoanza kutumika Oktoba 1, 2015, huchukulia kwamba shinikizo la damu linahusiana na ugonjwa wa figo na wa moyo isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Kwa hiyo faili moja linaweza kupata misimbo tofauti bila mtu yeyote kukosea.

Katika faili hilo hilo kuna karatasi ya maabara inayoonyesha kuwa makohozi yaliotesha bakteria aina ya Klebsiella. Msimbo wake, J15.0, unavutia, lakini anayeweka misimbo hatambui magonjwa, na bakteria waliooteshwa maabara si lazima wawe ndio walioleta nimonia. Kazi yake ni kumrudia daktari na kumuuliza, tena kwa swali lisilomtia maneno mdomoni. “Je, ugonjwa wa figo wa mgonjwa huyu una chanzo kilichothibitishwa?” ni swali halali. “Tuandike kwamba ni kisukari?” si halali, hasa pale ambapo msimbo mzito zaidi huleta malipo makubwa zaidi.

Tuseme daktari amejibu kwa maandishi kwamba nimonia ilisababishwa na Klebsiella, figo ziliharibiwa na kisukari, na moyo ulishindwa kutokana na shinikizo la damu. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, J15.0 inakuwa hali kuu, kisha zinafuata E11.2 pamoja na N08.3, halafu N18.4, na mwisho I11.0, ambayo inabeba shinikizo la damu na moyo kwa pamoja. Katika ile misimbo mitano ya mwanzo umebaki mmoja tu, wa hatua ya ugonjwa wa figo.