Usimchukue mbwa wa wiki tano

Juzi nimeletewa mwingine. Dume wa German Shepherd, masikio bado yamelala, tumbo limejaa minyoo, katoka Nairobi kwenye boksi lililotobolewa matundu. Mwenyewe, kijana muungwana kabisa wa Njiro, hapa Arusha, akanieleza kwa fahari: "Daktari, huyu nimemwahi. Ana wiki tano tu, nataka akue ananijua mimi." Imani hiyo nimekutana nayo kwa walimu, kwa wafanyabiashara wa madini, kwa mama mwenye nyumba ya wageni, hata kwa askari. Kila mmoja kaambiwa na mwenzake, na mwenzake kaambiwa na muuzaji. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja huku mbwa yuko kwenye dripu, kwa hiyo naijibu hapa kwa wote.

Mbwa hakuzoei zaidi kwa sababu umemtoa kwa mama yake mapema. Dirisha lake la kuzoea watu linafunguka kama wiki ya tatu na linaanza kufungwa kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na nne. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila daktari wa wanyama anapaswa kulijua. Watoto wa mbwa walikuzwa kwenye uwanja wenye uzio bila kushikwa na mtu, kisha wakatolewa kukutana na watu kwa umri tofauti. Waliotolewa wiki ya tano, ya saba, hata ya tisa walizoea, ingawa waliochelewa walihitaji subira zaidi. Walioachwa hadi wiki ya kumi na nne walibaki kama wanyama wa porini. Sasa soma tena: hao walikuwa hawajaguswa na binadamu kabisa. Mbwa wa mzalishaji anayejitambua anashikwa kila siku, anasikia redio, anapitiwa na watoto wa nyumba. Ukimchukua wiki ya nane hujapoteza chochote. Ya tisa pia. Atakujua, atakulilia, atakufuata hadi chooni.

Unachopoteza kwa kumwahi ni shule ambayo wewe huwezi kuifundisha. Kaa pembeni ya uzao wa wiki ya sita utazame. Mmoja anamrukia mwenzake, anamuuma sikio kwa zile chonge za utoto, nyembamba na zinachoma. Mwenzake anapiga kelele na kuondoka. Mchezo umekwisha. Yule aliyeuma anabaki amesimama peke yake, hajui afanye nini. Baada ya muda anarudi, safari hii anauma kwa kupima. Akimzidishia mama, mama anamnguruma, anamkandamiza chini kwa mdomo bila kumtoboa, anamwachia. Hayo yanarudiwa kutwa nzima, wiki ya tano, ya sita, ya saba. Ndiko mbwa anakojifunza kupima nguvu za taya lake. Aliyekosa shule hiyo ndiye anayeletwa kwangu akiwa na miezi minane na kilo thelathini, amemchana mtoto mkono "akicheza tu". Kweli alikuwa anacheza. Hajawahi kuambiwa mchezo unaishia wapi.

Na msiniambie kwamba mnataka mlinzi, hivyo ukali ni sawa. Mbwa mwoga na asiyejizuia hukuuma wewe na mgeni wako, kisha mwizi akiingia anajificha. Kumlisha pilipili au bangi, kumfungia gizani mchana kutwa: yote hayo ni kumtesa mnyama, na mlinzi hapatikani hapo.

Nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, maana hapa watu wanaibiwa.

Kwa nini muuzaji anakuhimiza umchukue wiki ya tano? Kwanza hesabu ya chakula. German Shepherd huzaa watoto wanane mara nyingi, na kuanzia wiki ya nne maziwa ya mama hayawatoshi. Mama mwenyewe anaanza kuwakwepa kwa sababu ya yale meno. Kuanzia hapo mzalishaji anatakiwa kuwalisha wanane mara nne kwa siku, kuwapa dawa ya minyoo kila wiki mbili, kuwachanja. Akikuuzia wiki ya tano, gharama hizo zote zimehamia kwako.

Sababu ya pili haisemwi. Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili ndiyo wiki za parvo, ugonjwa wa kirusi unaomtapisha na kumharisha mbwa damu hadi kufa. Mzalishaji anayewaondoa wiki ya tano anawaondoa kabla hawajaanza kufa mikononi mwake. Akifa kwako, atakuuliza ulimlisha nini.

Kingamwili za mbwa mchanga zinatoka kwa mama, karibu zote kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza anayonyonya siku ya kwanza ya maisha. Ni akiba isiyoongezwa: kila baada ya siku kumi hivi inabaki nusu. Ikiwa nyingi inamlinda na parvo, lakini pia inaua nguvu ya chanjo, kwa sababu kingamwili hazitofautishi kirusi cha ugonjwa wenyewe na kirusi kilichodhoofishwa cha kwenye chupa ya chanjo. Ikiisha kabisa, chanjo inashika vizuri. Tatizo ni hapo katikati. Kuna siku, wakati mwingine wiki mbili au zaidi, ambapo akiba ni ndogo mno kumkinga na ugonjwa, na bado ni kubwa kiasi cha kuizuia chanjo. Ukimchoma siku hiyo umefanya wajibu wako, kadi imejazwa, na mbwa hana kinga.

Siku hizo zinamwangukia kila mbwa kwa wakati wake. Katika uzao mmoja, aliyezaliwa mkubwa akawahi ziwa alipata dang'a nyingi, na yule mdogo aliyesukumwa pembeni alipata kidogo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana kwa wiki kadhaa. Kwa macho hatuoni. Ndiyo maana chanjo ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki mbili hadi nne, na haiachwi mpaka mbwa afikishe wiki kumi na sita. Ile ya mwisho ndiyo ya kuitegemea. Ile ya kwanza ni bahati nasibu tunayoicheza kwa makusudi kwa sababu kuna watakaobahatika.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "ameshachanjwa zote" na mbwa ana wiki saba, ama hajui au anakudanganya. Hakuna mbwa wa wiki saba aliyechanjwa zote. Omba kadi. Kwenye kadi tafuta stika iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari. Stika haipo, basi uliza chanjo ilinunuliwa wapi na ilisafirije. Chanjo hizi zinataka jokofu. Nimewahi kuona chupa ikitolewa kwenye mfuko wa suruali saa saba mchana, na mtu akachoma uzao mzima kwa moyo mkunjufu. Alichoma maji.

Parvo yenyewe ilijitokeza duniani mwaka 1978 na haijaondoka. Kirusi kinaishi kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka. Dettol hakiogopi. Jiki kinaiogopa, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, kwenye sakafu ya saruji iliyooshwa kwanza. Kwenye ua wa udongo haisaidii. Kama mbwa alikufa kwako kwa kutapika na kuharisha damu yenye harufu ile mbaya, usilete mtoto mwingine wa mbwa kwenye ua huohuo kabla hajamaliza chanjo. Ugonjwa hujionyesha mara nyingi siku ya tatu hadi ya saba baada ya kuambukizwa, wakati mwingine wiki mbili. Kwa hiyo aliyeambukizwa bandani kwa muuzaji anaweza kukutapikia wewe Jumamosi ijayo, na utajilaumu kwa ule uji uliompa.

Utajuaje ana wiki ngapi kweli? Usitazame ukubwa, wanene hudanganya. Mfungue mdomo. Wa wiki tano ana chonge na meno ya mbele, lakini ukipitisha kidole nyuma kwenye ufizi unakuta magego ya utoto ndiyo kwanza yanachomoza. Macho bado yana ubuluu. Wa wiki nane ana meno yote ya utoto ishirini na nane. Wengi wanaouzwa kama "miezi miwili" wana mdomo wa wiki tano.

Sasa niseme na yale ambayo vitabu vinapitia haraka. Wiki ya nane ni mstari tuliouchora wanadamu. Uingereza ni sheria tangu 2018 kwamba mzalishaji mwenye leseni asiuze chini ya hapo, na Ujerumani nayo inakataza kumtenga na mama kabla ya wiki nane, lakini mbwa wa wiki saba na nusu hana tofauti ninayoweza kukuonyesha. Wazalishaji wa mbwa wadogo wadogo hukaa nao hadi wiki ya kumi na mbili na sijaona ubaya. Kuna utafiti wa Italia wa 2011 uliolinganisha mbwa waliotengwa siku ya 30 hadi 40 na waliotengwa miezi miwili. Wale wa mapema walikuwa na woga, kubweka kupita kiasi, kuharibu vitu na kulinda chakula zaidi. Ninaunukuu mara kwa mara. Lakini majibu yalitoka kwa wenye mbwa, na kumbukumbu ya mwenye mbwa si mizani. Pia mbwa wanaouzwa mapema mara nyingi wanatoka kwa wazalishaji wabovu, na ubovu huo una madhara yake mengine. Nauamini kwa sababu unafanana na ninayoyaona, na najua hiyo ni hoja dhaifu.

Linaloninyima usingizi ni hili: ukimkuta mama amefungwa kwenye banda la giza, watoto hawaguswi na mtu, je, wiki tatu zaidi humo zinamsaidia? Hapana, hazimsaidii. Kila wiki anazidi kuwa mwoga. Jibu langu ni kwamba usinunue hapo kabisa, lakini nikisema hivyo najua kuna mbwa mmoja aliyebaki gizani.

Na jingine: miongozo inasema mpeleke akaone dunia kabla chanjo hazijaisha, kwa sababu dirisha halisubiri chanjo. Nakubali. Ila miongozo mingi imeandikwa kwenye miji ambayo mbwa wa mtaani hawapo. Hapa Arusha mbwa wasiochanjwa wanapita kila kichochoro. Ninachowaambia watu ni kumbeba mikononi: stendi asikie mabasi, sokoni aone vikapu na makofia, kwa shangazi aone watoto. Asishuke chini pasipo pako. Ninaposema hivyo nakuwa na hofu kidogo kila mara.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Cheti cha ukoo, hata kilichosajiliwa kihalali East Africa Kennel Club kule Nairobi, kinakuambia baba na babu ni nani. Hakikuambii nyonga zikoje. Ujerumani, kwenye chama cha German Shepherd kilichoanzishwa 1899, mbwa hapewi ruhusa ya kuzaa bila picha ya eksirei ya nyonga. Omba eksirei za wazazi wote wawili. Nyonga nzuri kwa wazazi hupunguza hatari, haziifuti, kwa sababu ugonjwa wa nyonga unabebwa na jeni nyingi. Halafu usimnenepeshe. Utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa 2002 ulionyesha waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi na nyonga zao zilichakaa kwa kuchelewa. Usimpe vidonge vya kalsiamu juu ya chakula cha watoto wa mbwa chenye mizania. Mbwa mchanga wa jamii kubwa hawezi kukataa kalsiamu iliyozidi, mifupa inakua vibaya. Anayelishwa nyama tupu ana shida ya upande wa pili, mifupa inakuwa laini. Kama unapika nyumbani, njoo tupange.

Ukimpenda mbwa wa wiki tano, lipa kianzio, mwekee alama, nenda kamtembelee kila wikiendi. Muuzaji akikataa kukaa naye hadi wiki ya nane, mwachie mbwa wake.

Na kama umeshamchukua, kama yule kijana wa Njiro, hatumrudishi. Mpe chakula laini mara nne kwa siku, maziwa ya ng'ombe yaache, mengi huyaharisha matumbo. Dawa ya minyoo sasa, maana minyoo mviringo ilimwingia tumboni mwa mama, kisha kila wiki mbili hadi miezi mitatu. Chanjo ya kwanza wiki ya sita. Mtafutie mbwa mkubwa mpole aliyechanjwa kikamilifu, wa jirani au wa ndugu, aje nyumbani kwako wacheze kila siku inapowezekana, na mkubwa akimnguruma usimwokoe mdogo. Akikuuma kwa kucheza, simama, ondoka, rudi baada ya dakika moja. Wote nyumbani wafanye hivyohivyo, hata bibi. Wiki ya kumi na mbili mlete kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na ile ya wiki ya kumi na sita usiikose hata kama anaonekana mzima wa afya.