Wallyeok: mabavu ya Kikorea yanaanzia mkononi

Wanaojifunza Kikorea kupitia tamthilia wanatuuliza sana, kama him ni nguvu, sasa wallyeok (완력) ya kazi gani? Neno asili yake ni Kichina, lina vipande viwili, wan ni mkono na ryeok ni nguvu, na kwenye maandishi unaona n na r ila mdomoni zinageuka l mbili, kwa hiyo usije ukasema "wan-ryeok" mbele za watu.

Maana moja ni nguvu za mikono tu, mtu akiambiwa wallyeogi seda ujue ana misuli kweli. Lakini utakalokutana nalo zaidi ni mabavu, yaani kumzidi mtu kwa mwili wako. Mlevi kagoma kutoka baa, baunsa anamshika kwapani anamburuza mpaka nje, basi katolewa wallyeogeuro, yaani kwa mabavu. Sie mabavu tumeyatoa ubavuni, wao mkononi, haya.

Wengi wanapoteleza ni kwenye ndugu zake wa -ryeok. Pumzi ya kukimbia mazoezini ni cheryeok, ukisema unaongeza wallyeok watakuangalia mara mbili. Jeshi na silaha ni muryeok, na hiyo nayo ina pacha anayeandikwa vilevile 무력 kwa hangul, yaani herufi za Kikorea, lakini maana yake kukosa nguvu kabisa, hapo ni muktadha tu ukuokoe. Halafu kuna pongnyeok, ukatili, hili pana mno maana hata matusi yanaingia, wanaita eoneo pongnyeok, wakati wallyeok bila mwili kugusana haipo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetukanwa darasani kafanyiwa pongnyeok, wallyeok hapana.

Jingine, neno hili lina harufu ya gazeti na kitabu, mtaani wanasema himeuro, kwa nguvu, na yameisha. Na wabunge wakishikana mashati watu husema momssaum, Kikorea chenyewe hicho, si cha kutoka Kichina, mwili na ugomvi. Desemba 2008 bungeni Seoul wapinzani walibomoa mlango wa kamati kwa nyundo, waliokuwa ndani wakawapulizia vizima moto, yote sababu ya mkataba wa biashara na Marekani, na sheria iliyopitishwa 2012 kupunguza vurugu za namna hiyo watu wakaibandika jina la sheria ya kuzuia momssaum.